Mrejesho: tulivyomzika baba mkubwa, Mpwapwa

Wakuu, niliuliza kama ni sawa bodaboda kumsindikiza marehemu kwa honi, maana baadhi ya wazee waliona ni kukosa adabu. Asanteni, tulizungumza na shangazi kwanza kama mlivyoshauri, akakubali. Honi zililia mpaka karibu na makaburi, kisha zikazimwa.

Alipigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, lakini vijana walimjua kwa pikipiki yake nyekundu na vichekesho visivyoisha kijiweni. Watani walizuia jeneza wakidai hela ya mafuta, watu wakacheka huku wanalia. Angefurahi sana! Askari wastaafu wenzake walipopiga saluti, nilishindwa kujizuia.

Pikipiki amerithi binti yake. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tutakwenda kusafisha kaburi.