Mrejesho: vijana wetu na mchoro wa ukutani kuhusu tabianchi

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri wa namna vijana wa mtaa wetu hapa Mombasa wanavyoweza kudai hatua kuhusu mabadiliko ya tabianchi kwa njia ya sanaa, nanyi mkanielekeza kwa Flipflopi, chombo cha tanga kilichoundwa Lamu kwa taka za plastiki, kikavishwa vipande vya kandambili na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019.

Tulichofuata ni lile wazo la kutumia kitu ambacho pwani nzima inakijua. Vijana wamechora ukutani kanga kubwa, pindo lake likiwa mizizi ya mikoko, mji wake, yaani sehemu ya katikati, ukionyesha kisima kilichoingiliwa na maji ya chumvi, na jina, yaani maneno ya kanga, likisomeka: "Bahari yapanda, nanyi mwatazama?" Jina hilo walilitunga wenyewe baada ya mabishano marefu, na kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu kuliko rangi zote, kwa kuwa kina mama waendao sokoni husimama, wakalisoma kwa sauti na kuanza kuulizana ni nani anayeikata mikoko yetu.

Sasa tunataka kuuchapa mchoro huo kwenye vitambaa vya kubebwa katika maandamano. Anayemjua fundi wa bei nafuu tafadhali anielekeze.