Tupeane uzoefu: aliyewahi kuona kulanti za aina mbili zikichanganywa kwenye lori la dizeli, kilitokea nini?

Mwenye Lori
Wakuu, habari za kazi. Leo nimemwona mtu akimimina kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ya kijani kwenye tangi la lori ambalo ndani yake mlikuwa na nyekundu, na alipoulizwa alijibu kwamba zote ni kulanti na kinachotofautiana ni rangi tu. Nimekumbuka injini iliyofunguliwa mbele ya macho yangu kwa jambo hilohilo, rejeta ikiwa imeziba nusu nzima ya chini. Naomba kila aliyekutana nalo aeleze alichokiona mwenyewe, si alichosimuliwa.

Tairi Kumi
Miaka yote niliyokuwa barabarani nimeona kijani ikiongezwa kwenye nyekundu, na nyekundu kwenye kijani, na hakuna lori lililosimama kwa sababu hiyo. Geji ya joto ikipanda ukiwa katikati ya safari, unaongeza kilichopo na safari inaendelea.

Fundi Laina
Ndugu Tairi Kumi, lori halisimami siku hiyo, na ndiyo maana watu hudhani wamesalimika. Kulanti nyingi msingi wake ni uleule, yaani glikoli na maji. Zinakopishana ni kwenye dawa za kuzuia kutu. Zile za kizamani hutumia silikati, fosfeti na nitraiti, ambazo hufanya kazi haraka lakini huisha haraka. Zile za muda mrefu, zenye herufi OAT, hutumia asidi za kikaboni ambazo hufanya kazi polepole na kudumu. Ukizichanganya, kila moja inabaki na kiasi kisichotosha kulinda chochote, na muda wa kubadilisha unarudi kuwa ule mfupi wa kulanti ya kizamani hata kama nyingine uliinunua kwa ajili ya miaka mitano. Zikikutana vibaya, hasa zikiwa nzito kupita kiasi, silikati huweza kujitenga na kuganda ndani ya mirija ya rejeta.

Dizeli Safi
Naunga mkono. Hita ya kwenye kabini ndiyo huanza kupoa, kwa kuwa mirija yake ni myembamba kuliko yote.

Binti Msafirishaji
Habari ya hita imenigusa, kwa sababu ndivyo msiba wetu ulivyoanza, na naomba mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Lori letu lilipelekwa gereji kubadilishwa pampu ya maji. Kulanti iliyokuwamo ilikuwa ya muda mrefu. Gereji ile ikajazia nyingine bila kuuliza na bila kutuambia. Kwa muda hakuna kilichoonekana. Kisha dereva akaanza kusema hita haitoi joto, halafu geji ikawa inapanda mlimani lori likiwa na mzigo na kushuka kwenye tambarare. Tulipofungua kifuniko injini ikiwa baridi, tulikuta utando mzito wa rangi ya kahawia umeshika shingo ya rejeta, unaovutika kama gundi. Rejeta ikatolewa, ikasafishwa, tukaamini yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Lori likaanza kupunguza maji bila tone lolote kuonekana chini. Tukabadilisha mipira, tukabadilisha kifuniko, tukakagua pampu mpya. Asubuhi injini ikiwashwa ilitoa moshi mweupe kwa muda, kisha ikatulia, na kila mtu akawa na maelezo yake. Siku moja dereva akachomoa kijiti cha oili na kukuta oili imepauka na kujaa povu. Hapo hatukuwa na la kufanya ila kushusha injini.

Fundi alipochomoa laina, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, alinipa niishike. Upande wa ndani ulikuwa unang'aa vizuri. Upande wa nje, ule unaogusana na maji, ulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vilivyojipanga kutoka juu kwenda chini, upande mmoja tu, na sehemu nyingine ya laina ilikuwa safi kabisa. Alipitisha ukucha pale ukawa unakwama. Kisha akachukua waya mwembamba, akauingiza kwenye kitundu kimoja, nao ukatokeza ndani ya silinda. Sijawahi kuona chuma kinene kiasi kile kikitobolewa na maji. Tulibadilisha laina zote, pistoni na hedi gasketi, na lori lilikaa chini wakati mikataba ya watu inasubiri.

Mwenye Lori
Pole sana, dada. Waya kutokeza upande wa pili!

Pampu ya Maji
Vitundu hivyo navijua. Ukiviona mara moja huwezi kuvisahau.

Tairi Kumi
Pole, binti yangu, lakini tusiilaumu kulanti bila haki. Vitundu vya laina vinatokea hata kwenye lori ambalo halijachanganywa chochote. Mimi nimeviona kwenye injini iliyojazwa maji matupu tangu mwanzo.

Fundi Laina
Mzee wangu, hilo ni kweli, wala halipingani na aliyoyasema dada. Kwenye injini nyingi za malori laina imezungukwa na maji moja kwa moja. Pistoni inapoisukuma ubavuni wakati wa mlipuko, laina hutetemeka, na mtetemo huo hutengeneza mapovu madogo ya mvuke ambayo hupasuka kwenye uso wa chuma na kukimega kidogokidogo. Ndiyo maana vitundu vinakaa upande mmoja. Nitraiti kwenye kulanti, na katika baadhi ya zile mpya molibdeti pamoja na asidi zenyewe, hutandaza ngozi nyembamba inayopokea kipigo hicho badala ya chuma. Maji matupu hayana ngozi hiyo. Kulanti iliyochanganywa huwa nayo pungufu, na hakuna anayeipima kwa sababu ukiitazama bado ina rangi nzuri.

Dizeli Safi
Basi jawabu ni rahisi. Nyekundu ni ya muda mrefu, kijani ni ya kizamani. Tufuate rangi tu.

Fundi Laina
Hapana, ndugu, na naomba jambo hili tuelewane. Rangi hutiwa tu. Hakuna kanuni inayowalazimisha watengenezaji wote kutumia rangi moja kwa aina moja. Kuna kijani za muda mrefu na kuna nyekundu ambazo hazifanani kabisa kwa dawa. Soma maandishi ya nyuma ya dumu. Kwa injini nzito za dizeli utafute alama ya kiwango, ASTM D6210. Ukikuta D3306 peke yake, hiyo imekusudiwa magari madogo. Halafu ulinganishe na kitabu cha injini, kwa sababu baadhi ya injini zenye aluminiamu nyingi hazitaki nitraiti kabisa.

Pampu ya Maji
Sisi tulikuta tope la kahawia kwenye tangi, tukaambiwa ni kulanti zimegombana. Tulisafisha, likarudi. Tukasafisha tena kwa siki, likarudi.

Fundi Laina
Tope lenu lilikuwa linateleza vidoleni?

Pampu ya Maji
Linateleza, na lilikuwa linaelea juu.

Fundi Laina
Basi hiyo ni oili. Kaguni kipozea oili kabla ya kununua kulanti nyingine. Siki husaidia kwenye ukoko wa chokaa, haiondoi mafuta.

Tairi Kumi
Dawa nyingine ni kutoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, maji yazunguke kwa uhuru.

Binti Msafirishaji
Mzee, kwa heshima, ushauri huo tulipewa na tukaukataa. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake hula oili na kutengeneza masizi, na tatizo lililoziba mirija linabaki palepale.

Mwenye Lori
Sasa mtu akipungukiwa njiani na hana aina yake, afanye nini?

Fundi Laina
Aongeze maji safi yaliyochujwa madini, kiasi cha kumfikisha, halafu apime uzito wa mchanganyiko kwa kipimo cha lenzi na kurudisha uwiano wa nusu kwa nusu. Akilazimika kuongeza aina nyingine, ajue mpaka wake. Caterpillar kwa kulanti yao ya muda mrefu wanaruhusu uchafuzi wa kulanti ya kawaida usiozidi asilimia 10. Kwenye mfumo wa lita 40 hizo ni lita 4. Ikizidi hapo, mwaga yote, suuza hadi maji yatoke meupe, hita ikiwa wazi, na ufungue pia koki ya bloku, ya kumwagia kilichobaki ndani ya injini.

Tairi Kumi
Maji ya bomba hayatoshi? Tumeyatumia sana.

Dizeli Safi
Yana chumvi na chokaa. Chokaa ikishika kwenye laina, joto halitoki hata kama kulanti ni bora namna gani.

Pampu ya Maji
Na inayomwagwa iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko. Glikoli ni sumu, na utamu wake huvuta watoto na mbwa.

Mwenye Lori
Swali moja, fundi. Injini yetu ina chujio la kulanti pembeni. Tukihamia ya muda mrefu, chujio hilo linabaki?

Fundi Laina
Angalia maandishi kwenye ganda lake. Chujio nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kulanti ya kizamani zina dawa ndani inayoyeyuka taratibu. Ukiliacha hilo, utakuwa unachanganya kila siku bila kumimina kitu. Funga lisilo na dawa.

Binti Msafirishaji
Nimekwenda kulitazama letu sasa hivi. Limeandikwa kuwa lina dawa, na kulanti iliyomo ni ya muda mrefu. Linatoka kesho asubuhi, injini ikiwa baridi.