Tupeane uzoefu: Hosteli kubwa ya wanafunzi inapoletwa mtaani kwenu, mlipinga kwa hoja zipi na mlipata nini?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yetu kumebandikwa tangazo la ujenzi: hosteli ya wanafunzi, ghorofa nane, vitanda zaidi ya 600. Mtaa wetu ni wa nyumba za chini, na barabara ya kuingilia ni moja tu. Magari mawili yakikutana, moja lazima lipande ukingoni. Muda tuliopewa wa kuwasilisha pingamizi ni mfupi.

Kikao cha kwanza cha majirani tumeshakaa, na sehemu kubwa ya muda iliishia kwenye kusema wanafunzi ni walevi na hawana adabu. Hilo limenikera. Wanangu nao wamepanga kwenye mitaa ya watu, na siamini kuna ofisi ya mipango miji itakayosimamisha jengo kwa sababu ya tabia za watu ambao hata hawajahamia. Lakini jengo lenyewe linanitisha kwelikweli. Naomba mliopitia haya mtuambie: hoja zipi zilisikilizwa, zipi zilitupwa, na jengo liliposimama maisha yakawaje? Tuseme tuliyoyaona wenyewe.

Jirani wa ukuta mmoja

Pole sana ndugu mleta mada. Kwetu lilikuja la ghorofa saba. Tuliandika barua moja, tukaitoa kopi, mtaa mzima ukasaini. Afisa aliyezipokea alituambia bila kuficha kwamba barua zenye maneno yaleyale, hata zikiwa rundo, ni hoja moja.

Aliyetuokoa ni jirani yetu mwalimu mstaafu wa jiografia. Alikwenda ofisini akaomba michoro yote, siyo ile picha ya rangi yenye miti na watu wanaotabasamu. Kwenye jalada kulikuwa na mchoro wa kivuli, lakini wa saa sita mchana tu, jua likiwa utosini, kivuli kimejikunja chini ya jengo. Akadai kwa maandishi mchoro wa saa mbili asubuhi na wa saa kumi jioni. Ulipoletwa, kila mtu aliona nyumba za upande wetu zimemezwa na kivuli asubuhi. Mbele ya mchoro ule hapakuwa na mtu wa kusema tunapinga kwa sababu hatuwapendi vijana.

Jengo hatukulizuia. Ila ghorofa mbili za juu za upande wetu zilisogezwa nyuma, na madirisha ya ngazi yanayotazama uani kwetu yakawekwa vioo vya ukungu. Leo nikianika nguo zinakauka, na nikiwa nafua sina wasiwasi wa kuchunguliwa.

Fundi bomba

Wengi mnaangalia juu. Mimi kazi yangu iko chini, na ushauri wangu ni kwamba hoja ya maji taka mwipe nafasi ya kwanza kwenye pingamizi lenu.

Bomba la mtaa wa nyumba za familia lililazwa kwa hesabu ya familia. Familia zinaoga kwa kupokezana, wengine asubuhi, wengine usiku. Hosteli haiko hivyo. Vipindi vinaanza saa moja au mbili, basi watu mia kadhaa wanaoga na kuvuta maji ya choo ndani ya muda uleule mfupi. Ukiuliza matumizi ya siku nzima utaonyeshwa tarakimu nzuri tu. Uliza matumizi ya saa ile moja ya asubuhi ndipo utajua bomba linatosha au halitoshi.

Niliwahi kuitwa kwenye mtaa ambao hosteli ilikuwa imeshaanza kukaliwa. Nilipoinua mfuniko wa chemba ya barabarani, maji yalikuwa yamejaa hadi usawa wa fremu, hayaendi popote, na povu la sabuni linazunguka juu yake. Nikashuka hadi nyumba ya mwisho kwenye mteremko. Mama mwenye nyumba alikuwa ameziba tundu la bafu la chini kwa matambara, juu yake kaweka tofali, na bado maji yalikuwa yanapenya pembeni. Si maji yake. Ni maji ya watu asiowajua, yanarudi kwake kwa sababu yeye ndiye aliye chini kuliko wote. Nilisafisha, lakini nilimwambia ukweli kwamba kusafisha si dawa. Bomba lilikuwa dogo.

Kwa hiyo ombeni haya kwa maandishi: kipenyo cha bomba lililopo, mteremko wake, na barua ya mamlaka ya maji inayosema uwezo upo au haupo. Kama haupo, iandikwe nani analibadilisha, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito.

Na mvua msiisahau. Kiwanja cha udongo na majani kinakunywa maji. Kikifunikwa zege chote, maji yaleyale yanatafuta ua wa jirani. Dai tanki la kuyahifadhi na kuyaachia polepole.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Shikamooni wakubwa. Naomba nami niseme, maana ninaishi kwenye hosteli ya aina hiyohiyo mnayoizungumzia, na mtaa ulikuwa umeipinga.

Mwaka wa kwanza tulikuwa tukipita watu wanafunga mageti. Inauma, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyechora lile jengo. Chumba changu kitanda kinagusa meza, meza inagusa mlango. Sehemu ya pamoja ni ukumbi mmoja wenye televisheni, unafungwa mapema. Sasa nawauliza wakubwa wangu: kijana akitaka kuongea na wenzake usiku, ataongelea wapi? Atashuka chini, atakaa ukingoni mwa barabara, na ukingo huo uko chini ya dirisha la mtu. Kelele mnazozilalamikia zilianzia kwenye mchoro.

Kwa hiyo mkipinga, pingeni pia kwa ajili yetu. Inawezekana. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kilipanga kujenga Munger Hall, jengo moja la wanafunzi wapatao 4,500, ambamo karibu vyumba vyote vya kulala havikuwa na dirisha la nje. Bilionea Charlie Munger ndiye aliyelibuni na kuahidi fedha. Mwaka 2021 msanifu majengo Dennis McFadden alijiuzulu kutoka kwenye kamati ya ushauri ya chuo akilipinga, watu wengi wakapaza sauti, na mwaka 2023 chuo kikaachana nalo. Hoja kubwa dhidi yake ilikuwa ya hali ya watakaolala ndani.

Mama wa watoto wanne

Marahaba mwanangu, umesema vizuri na nimekuelewa. Ila na sisi mtuelewe: kelele zipo, tena nyingi ni za saa nane za usiku, mtu anamwita mwenzake aliye ghorofa ya tano badala ya kumpigia simu. Mtoto mchanga akiamshwa hapo, nyumba nzima imekesha.

Kwetu kilichosaidia ni kitu kidogo sana. Hosteli ililazimishwa kuwa na msimamizi wa usiku anayelala palepale, na namba yake kubandikwa getini. Mwanzoni tulikuwa tunapiga simu ofisini asubuhi, wanatujibu "tumepokea". Sasa napiga usiku uleule, namsikia anashuka ngazi, baada ya muda mfupi kimya. Akibadilishwa msimamizi tunapewa namba mpya.

Tulishinda

Nitasema jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Sisi tulishinda. Mradi ulikataliwa, tukafanya sherehe.

Chuo lakini hakikuhama, na wanafunzi waliendelea kudahiliwa. Kiwanja kikabaki na uzio wa mabati na magugu. Nyumba za mtaani zikaanza kununuliwa moja baada ya nyingine na watu wasioishi hapa, sebule ikagawanywa kwa mbao ikawa vyumba viwili, ua ukajengwa vibanda. Familia zilizokuwa jirani zangu tangu watoto wetu wakiwa wadogo ziliuza, kwa sababu mpangishaji analipa bei ambayo familia haiwezi. Leo wanafunzi mtaani kwetu naamini ni wengi kuliko wangekuwa kwenye lile jengo, na hakuna msimamizi, hakuna namba getini, taka zinatolewa siku yoyote. Wakati wa kufunga mwaka magodoro yanatupwa barabarani. Nikiulizwa leo, ningepigania jengo dogo zaidi, lenye masharti makali, badala ya kupigania lisiwepo kabisa.

Mstaafu wa mipango miji

Ndugu yangu Tulishinda amegusa penyewe. Nimekaa upande wa pili wa meza kwa muda mrefu, nikisoma pingamizi za wananchi, kwa hiyo niseme kidogo jinsi zinavyosomwa.

Afisa anatafuta athari za matumizi ya ardhi: urefu, mwanga, faragha, barabara, maji, miti, idadi ya watu kwa eneo. Kushuka kwa thamani ya nyumba yako kwa kawaida hakumsaidii. "Wanafunzi ni watu wa aina fulani" ndiyo kabisa. Sentensi hiyo moja inampa mwenye mradi nafasi ya kusema mtaa mzima una ubaguzi, na hoja zenu nzuri zinazama nayo.

Kuna kesi inayofundisha. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitaka kujenga makazi ya wanafunzi wapatao 1,100 kwenye eneo la People's Park. Wakazi walikwenda mahakamani, na Februari 2023 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao kwamba chuo kilipaswa kuchunguza kelele za wanafunzi kama athari ya mazingira. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini mwaka huohuo bunge la jimbo likatunga sheria kwamba kelele za watu wanaokaa kwenye makazi zisihesabiwe kuwa athari ya mazingira, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwa upande wa chuo. Hoja iliyosimama juu ya kelele za watu iliondolewa kwa sheria moja. Bomba dogo halikuzwi na bunge.

Kuhusu nyumba za familia kugeuzwa vyumba vya wanafunzi, hilo linaweza kuwekewa sheria. Uingereza, tangu mwaka 2010, nyumba inayokaliwa na watu watatu hadi sita wasio wa familia moja ina daraja lake katika mipango ya ardhi, na halmashauri inaweza kutangaza eneo ambalo kuibadilisha nyumba ya familia kuwa ya aina hiyo kunahitaji kibali. Mkipinga hosteli, ulizeni hapohapo halmashauri yenu ina kinga gani kwa nyumba zilizobaki.

Na ahadi za kwenye mkutano msizikubali. Mwenye mradi atasema kutakuwa na mlinzi, atasema hakutakuwa na muziki kwenye paa. Mwambieni aandike mpango wa uendeshaji, na mpango huo uwe sharti la kibali. Kampuni ikiuza jengo, ahadi ya mdomo inaondoka nayo, sharti la kibali linabaki na jengo.

Dereva

Mkuu, usisahau siku ya kuhamia. Kwetu mwaka wa kwanza wazazi wote walifika asubuhi moja, magari yameegeshwa pande zote mbili, watu wanashusha masanduku katikati ya njia. Mzee wa nyumba ya kona alizidiwa siku ileile. Gari la wagonjwa lilisimama mwanzo wa mtaa, wahudumu wakashuka na machela wakaja kwa miguu. Alipona, Mungu ni mwema, lakini nilimwona mkewe amesimama getini akiyatazama yale magari na sijasahau uso wake.

Mwaka uliofuata hosteli ililazimika kugawa saa za kufika, kila ghorofa na muda wake, na upande mmoja wa barabara kuachwa wazi.

Kwa ghorofa nane, njia ya gari la zima moto ni suala la uhai. Novemba 2019 jengo la wanafunzi lililoitwa The Cube, mjini Bolton, Uingereza, liliwaka moto uliopanda kwa nje ya kuta hadi juu. Wanafunzi walitoka na hakuna aliyekufa. Fikirieni watu mia sita wanatoka wakati mmoja kwenye barabara ambayo magari mawili hayapishani. Dai kikosi cha zima moto kije kipime njia, kiandike.

Nyufa

Kabla mashine ya kuchimba msingi haijafika, pigeni picha kila ukuta, ndani na nje, zenye tarehe. Mwombeni mjenzi alipie mhandisi asiye wake aandike hali ya kila nyumba. Mimi sikuwa na picha. Ukuta wa chumba cha kulala ulipopasuka niliambiwa ufa ulikuwepo zamani.

Mleta mada

Nawashukuru sana wakuu. Kesho jioni tunakutana tena na nitawasomea majirani haya yote, hasa ya kijana wa mwaka wa tatu. Tumeamua hakuna barua ya kopi: wa mteremkoni anaandika maji, wa upande wa mashariki anaandika mwanga, wa kona anaandika barabara.

Fundi, swali moja. Mamlaka ya maji imesema kwa mdomo kwamba bomba linatosha. Tunaweza kuonyesha kwamba tayari linalemewa hata kabla ya hosteli?

Fundi bomba

Mnaweza. Msifungue chemba wenyewe, ni kosa na ndani kuna hewa inayoua. Andikeni kuomba ukaguzi, mtaje saa: kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, siku ya kazi, na siku nyingine mvua ikinyesha. Mtu wenu awepo. Fundi wao akifungua, ashushe futi ndani, mpige picha futi na maji vikionekana pamoja. Nyumba yoyote iliyowahi kurudishiwa maji taka iandike tarehe na kuambatisha risiti ya kuzibua. Pelekeni nakala mbili, na ya kwenu msiondoke nayo mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa.