Mjadala: New Hampshire iendelee kutangulia, au zamu iende South Carolina?

Mleta mada, Dodoma

Wakuu, habari za leo. Jambo hili limenikaa kichwani tangu Januari 2024. Chama cha Democratic kilikuwa kimepitisha ratiba mpya mwaka 2023: kura za kumtafuta mgombea urais wa Marekani zianzie South Carolina, tarehe 3 Februari 2024. New Hampshire ikagoma. Kule ipo sheria ya jimbo, ya tangu miaka ya 1970, inayotaka kura yao itangulie nyingine za aina hiyo kwa siku saba au zaidi. Wakapiga zao tarehe 23 Januari. Biden hakuweka jina kwenye karatasi, watu wakaliandika kwa mkono, akashinda kwa zaidi ya asilimia 60.

Msimamo wangu nautoa mapema: niko na New Hampshire, kwa sababu ya udogo wake. Watu wa jimbo zima hawafiki milioni moja na nusu. Ada ya kuweka jina ni dola 1,000. Mgombea mwenye mfuko mwembamba anaweza kulizunguka kwa gari, akaingia mgahawani, akaulizwa swali na mama anayekunywa chai yake. Mwaka 2000 John McCain alifanya mikutano ya maswali zaidi ya 100, akamwangusha mwenzake wa Republican, George W. Bush, aliyekuwa na hela pamoja na vigogo wa chama.

Na 1968 je? Rais Lyndon Johnson yuko Ikulu, vita ya Vietnam inawaka. Seneta Eugene McCarthy, wa chama chake mwenyewe na mpinga vita hiyo, anapata New Hampshire asilimia 42 dhidi ya 49 za Johnson. Yaani rais kashinda! Lakini siku 19 baadaye akatangaza kwamba hagombei tena. Nani kwetu amewahi kuona kura za maoni zikimtikisa mkubwa namna hiyo?

Karibuni tubishane, matusi tuweke kando.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, umesema vizuri ila kuna shimo umeliruka. Takriban watu tisa kati ya kumi wa New Hampshire ni Wazungu. Democratic bila kura za watu weusi hakishindi urais. Sasa kwa nini hao wachache ndio waonje mchuzi kila mara, halafu sisi wengine tuambiwe tu kwamba umezidi chumvi?

Tazama 2020. Biden alitoka wa tano New Hampshire. Wachambuzi walishamchimbia kaburi. Tarehe 26 Februari Jim Clyburn, mbunge mweusi wa South Carolina, akamwunga mkono hadharani. Tarehe 29 Biden akazoa karibu nusu ya kura za jimbo lile, ambako zaidi ya nusu ya wapiga kura wa chama ni weusi. Siku tatu mbele akachukua majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga siku hiyo. Wenye chama walikuwa hawajasema bado, na tayari walishatangaziwa matanga.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi nasema majimbo yote yapige siku moja, kwisha kazi. Hizi za kupokezana zinaleta takrima. Hapa kwetu tulishajifunza 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri.

Mleta mada, Dodoma

Mkuu wa Mwanza, ukipiga siku moja nchi nzima, anayeshinda ni mwenye hela za matangazo ya televisheni California na Texas. Maskini hata kuonekana hataonekana. Hoja ya Mombasa ndiyo inayoniuma, naitafakari.

Mchangiaji, Manchester, New Hampshire

Jambo, ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, natoka Bukavu, naishi huku miaka mingi na uraia ninao. Wacha niwaambie jinsi kulivyo.

Hapa asiyejiandikisha na chama chochote anaruhusiwa kuchagua karatasi ya chama atakacho siku ileile. Mimi nilichukua ya Republican, maana upande wa pili niliona hakuna shindano. Trump alipata asilimia 54, Nikki Haley 43. Ukimaliza kupiga kura unajaza fomu mlangoni, unatoka bila chama kama ulivyoingia. Hilo nalipenda sana, sitaficha.

Lakini mleta mada, hiyo migahawa yako! Simu ziliniita mpaka nikazima. Karatasi za kampeni zilijaa kwenye kisanduku cha barua. Mgombea mwenyewe kuja mtaa wetu, penye maduka ya fufu na mitumba? Sikumwona hata mmoja. Wanaenda kule kamera zilipo. Yule mama wa chai unayemsema yupo, ila ni yuleyule kila miaka minne.

Mchangiaji, Nairobi

Nami niongeze chumvi. Mwanzoni mwa Januari 2008 Kenya ilikuwa inawaka moto baada ya uchaguzi wetu. Nyumbani redio moja ilihesabu waliokufa, nyingine ikasema Obama, ambaye babake ni wa Kogelo, ameshinda Iowa, ambako walianza kwa mikutano ya chama, si kura ya aina ya New Hampshire. Iowa nayo ni ya Wazungu watupu! Siku tano baadaye New Hampshire ikampa Hillary Clinton kwa pengo dogo, kisha South Carolina ikamrudisha Obama kwa kishindo, 55 kwa 27. Kwa hivyo rangi ya wakazi peke yake haitabiri kitu.

Na msiifanye South Carolina kuwa ya malaika. Huyo McCain aliyesifiwa hapo juu, alipofika huko Februari 2000 uvumi ulisambazwa kwamba amezaa mtoto mweusi nje ya ndoa. Mtoto mwenyewe alikuwa binti waliyemlea, kutoka Bangladesh. Akashindwa.

Mleta mada, Dodoma

Nakubali, ndugu wa Manchester amenikata maini. Tena nimekwenda kuhesabu: Republican walikuwa na wajumbe 2,429 wa kumpitisha mgombea mwaka 2024, New Hampshire ilitoa 22. Hawafiki mmoja kati ya mia. Nguvu yake yote imo kwenye habari za kesho yake. Bill Clinton 1992 alikuwa wa pili, akajitangaza mtu aliyefufuka; aliyeshinda, Paul Tsongas, nani anamkumbuka?

Basi nasogea kidogo: jimbo dogo litangulie, ila lizungushwe, na sheria ya jimbo moja isikifunge mikono chama cha nchi nzima. Lakini Mombasa naye akubali jambo moja. Aliyependekeza South Carolina itangulie 2024 ni Biden mwenyewe, aliyeokolewa nayo. Huko ni mfungaji kuchagua goli.

Mchangiaji, Mombasa

Hilo la goli nakubali. La mzunguko pia. La migahawa bado.

Mchangiaji, Mwanza

Na kile kijiji kinachopiga kura usiku wa manane ni kweli au hadithi?

Mchangiaji, Manchester, New Hampshire

Ni kweli, Dixville Notch, karibu na mpaka wa Kanada. Mwaka 2024 wapiga kura walikuwa sita, wote wakampa Haley, matokeo yakatoka dakika chache tu. Takrima yao, ndugu wa Mwanza, ingeenea kwenye birika moja la kahawa.