Neno "deciduous" la kazi ya shule, na majani uani

Ndugu zangu, hamjambo? Binti yangu wa darasa la tatu ameleta kazi yenye neno "deciduous", nami nataka nimweleze kwa Kiswahili. Jambo la pili: nyumba tuliyohamia ina miti mikubwa, na uwanja wote umefunikwa majani. Jirani anayasukumia barabarani. Inaruhusiwa?
Dada yenu, Minneapolis

---

Dada, mwambie ni miti inayopukutisha majani. Asili yake ni Kilatini, decidere, kuanguka chini. Utalikuta hata kwa daktari wa meno: meno ya utotoni nayo huitwa hivyo kwa sababu hung'oka yenyewe.

Ila nakuomba, usimwambie msimu huu ni vuli, hata kama kamusi zinasema hivyo. Vuli kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na bibi yake akimtajia vuli atakuwa na maana hiyo. Sema majira ya kupukutika majani.

Mtajie na mbuyu. Nao hupukutisha, lakini wakati wa kiangazi. Huko ardhi imekauka. Huku wakati wa baridi maji yanaganda udongoni, mizizi haiyapati, na jani pana lingezidi kuyapoteza. Siku zikianza kufupika mti hurudisha virutubisho kwenye matawi na shina, kisha huziba pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjika, na njano iliyokuwamo jani likiwa bado kijani ndipo inapoonekana. Mwonyeshe jani lenyewe, ataelewa upesi.
Kaka, St. Paul

---

Dada, barabarani usiyasukume kabisa, Minneapolis ni marufuku. Mvua huyasomba hadi kwenye mifereji, na mifereji inamwaga kwenye maziwa yetu. Fosforasi ya majani ndiyo inayostawisha mwani huko.

Yatie kwenye mifuko ya karatasi au ile inayooza. Plastiki ya kawaida wazoa taka hawaichukui. Usingoje mwisho wa Novemba, kwani ukusanyaji husimama theluji inapokaribia. Na mabango ya kufagia barabara yakiwekwa, ondoa gari mapema, maana litavutwa na faini utalipa. Majani machache yaliyobaki yapitie na mashine ya kukatia nyasi, yaache hapo hapo yarutubishe udongo.

Reki ninayo ya ziada, pita Jumamosi uichukue.
Shangazi, Northeast