Visiwa vinavyoliwa na bahari: wenyeji wahame au wasaidiwe kubaki?

Wakuu, Tuvalu, ile nchi ya visiwa vya matumbawe kule Pasifiki, ikitajwa tu hakosi mtu wa kusema, "Si wahame, kwani wako wangapi? Elfu kumi na moja tu!" Naomba leo tubishane vizuri.

Wengi tunadhani kisiwa kinakufa siku kinapozama. Wapi! Kwenye visiwa vya matumbawe watu huchimba mashimo mapana mpaka kuyafikia maji matamu, ambayo chini ya mchanga huelea juu ya yale ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Humo hupanda pulaka, jamii ya magimbi. Bamvua kubwa likivuka ufuko na kumwagika shimoni, mizizi inaoza na chumvi haitoki upesi. Ramani itaonyesha kisiwa kipo, lakini chakula kimekwenda.

Na huko kuhama kwenyewe? Mkataba wa Tuvalu na Australia wa 2023 unatoa nafasi 280 kwa mwaka. Hata asizaliwe mtoto mwingine, ni karibu miaka 40 kuwamaliza. Msimamo wangu: kuhama iwe haki yao, isiwe njia ya waliochafua hewa mpaka bahari ikapanda kukwepa deni. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Sharm el-Sheikh, Misri, 2022. Ujazwe, watu wajengewe kuta na matangi ya maji.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeacha jambo. Waliopima kwa picha za angani walikuta nchi kavu ya Tuvalu imeongezeka asilimia 2.9 kati ya 1971 na 2014. Inaliwa vipi tena? Halafu Gardi Sugdub, kisiwa cha Waguna kule Panama, familia kama 300 zilihamia bara 2024, na wenyewe ndio waliotaka.

Mleta mada: Kipimo hicho nakikubali, na kichwa cha mada nilikitia chumvi kidogo. Mawimbi hutupa mchanga na vipande vya matumbawe ufukweni, kisiwa kikatanuka. Ila kutanuka si kuinuka kwa kasi ya bahari, na mchanga mpya haukupi maji ya kunywa. Gardi Sugdub ndiyo kabisa inanisaidia mimi. Wale walivuka mkono wa bahari tu, wakashukia kwenye ardhi ya Waguna wenzao, lugha ile ile, viongozi wale wale. Mtu wa Tuvalu bara lake liko wapi?