Kuingiza kuku wageni bandani: kamba, usiku, wavu au kuwaachia tu?

TeteaMweusi (Mbezi, Dar)

Wakuu, habari za mihangaiko. Nina tetea 11 wa kienyeji na jogoo mmoja. Wamekaa pamoja muda mrefu na kila mmoja anajua nafasi yake. Yupo tetea mmoja mweusi ambaye hata jogoo humpisha kwenye pumba. Banda ni la mbao, lina ua mdogo wa waya mbele, na alasiri nawafungulia wachakure nje mpaka magharibi.

Sasa nimelipia chotara 6, Kuroiler, majike watupu wa miezi mitatu na nusu, nawachukua mwisho wa mwezi. Jirani anasema niwafunge kamba miguuni. Shemeji anasema niwaingize usiku wakiwa wamelala, asubuhi wataamka ndugu. Muuzaji anasema niwaachie wote nje, watamalizana wenyewe. Na nimeona video ya mtu aliyegawa banda kwa wavu. Naomba waliowahi kujaribu zaidi ya njia moja wanilinganishie. Eneo langu dogo, sina pa kukimbilia.

Mchakure

Natega sikio. Mimi nina hilohilo, ila langu ni jogoo.

BabuWaNzega

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wazee walisema hivyo kwa sababu ndivyo walivyofanya, na mpaka leo huku kwetu ukiletewa kuku na wakwe unamfunga kwanza.

Lakini mwanangu, elewa kamba inafanya kazi gani. Inamzuia mgeni asirudi alikotoka na asipotelee kwa majirani. Inamzoesha kwamba maji yako hapa, mtama unamwagwa hapa, jioni watu wanaingia mlango ule. Siku tatu nne, unamfungua, anabaki. Haimpatanishi na wenyeji hata kidogo. Tena kuku aliyefungwa hawezi kukimbia, kwa hiyo ukimfunga katikati ya kundi umemtoa sadaka. Mfunge pembeni, kwenye kivuli, maji yawe anapoyafikia. Usitumie katani wala waya, vinakata ngozi. Chukua ukanda wa kanga iliyochakaa.

Kwa kuku mmoja au wawili wa kufuga huria, kamba inatosha. Kwa sita wa bandani, hapana. Utakuwa unafungua mafundo asubuhi hadi jioni.

Kienyeji254 (Kiambu)

Mimi huwaingiza usiku, na sioni haja ya kubadilisha. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hivyo hatapigana. Unambeba mgeni polepole, unamweka kwenye kichanja katikati ya wengine, unafunga mlango, unaenda kulala. Asubuhi wote wananuka banda moja.

Halafu tusidanganyane: vita lazima viwepo. Kuku hupangana nani mkubwa nani mdogo kwa kudonoana, jambo ambalo Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alishaliandika miaka ya 1920. Wavu au kamba zinaahirisha tu. Afadhali wapigane mara moja waishe.

FundiWaMabanda

@Kienyeji254 swali dogo: saa kumi na mbili asubuhi huwa ni nani yuko bandani, wewe au kuku peke yao? Maana vita vya usiku havipo, kweli, ila kukicha wenyeji wanaona sura ngeni. Kuku anamtambua mwenzake kwa kichwa na upanga (ile nyama nyekundu ya utosini), siyo kwa harufu. Mimi nimeitwa kurekebisha mabanda ya watu walioingiza usiku na wakachelewa kufungua asubuhi, nikakuta mgeni kasukumiwa kona, utosi hauna unyoya hata mmoja.

Kienyeji254 (Kiambu)

Niko hapo kabla ya jua kutoka. Hiyo sikuiandika kwa sababu nilidhani kila mtu anajua. Na huwa nafungua mlango mapema watoke nje, nafasi ya kukimbia iwepo. Asiyeweza kuamka, hiyo njia si yake.

BibiMifugo_Moro

Naomba nirefushe kidogo, kwa sababu naona tunachanganya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuchuja ugonjwa. Kazi ya pili ni kuzoeana. Njia zote mlizotaja mpaka sasa ni za kazi ya pili. Hata wavu. Watu wengi wanaweka wavu katikati ya banda halafu wanaita karantini. Siyo karantini, kuku wanavuta hewa moja, wanakanyaga maranda mamoja, na mafua yanavuka wavu kama hayakuuona.

Karantini ni mahali pengine kabisa. Stoo, bafu la nje lisilotumika, kwa ndugu. Chombo cha maji chao, cha chakula chao, na wewe unahudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha unanawa na kubadilisha ndala. Muda? Mdondo (wengine mnaita kideri) hujificha mwilini kati ya siku 2 na 15 kabla kuku hajaonyesha dalili, mara nyingi kama siku 5 au 6. Kwa hiyo wiki moja haitoshi. Wiki tatu ndiyo ya chini, mwezi ni bora, hasa kiangazi ambapo mdondo hupenda kuzuka.

Siku ya kwanza wageni wakifika waangalie: macho yenye povu, pua inayotoka, harufu mbaya usoni, kinyesi cha kijani au chenye damu. Pindua manyoya chini ya mkundu na chini ya mabawa utafute chawa na utitiri. Angalia kuzunguka macho na masikio kama kuna viroboto wale wanaong'ang'ania ngozi. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na kukakamaa, hao ni utitiri wa miguu, yapake mafuta mazito mpaka yalainike.

Chanjo ya mdondo usiulize kama walichanjwa, uliza lini. Ile ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kuku wa umri wowote, inarudiwa kila miezi mitatu. Kinga inahitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Kwa hiyo wachanje na wenyeji pia, wote, mapema, siyo siku ya kuwachanganya.

Na kuna kitu karantini haikamati. Kuku aliyepona mafua anaweza kubaki amebeba vijidudu bila dalili yoyote. Ndiyo maana wiki ya mwisho wengine huchukua kuku mmoja wa kundi la zamani, asiye na thamani kubwa, wakamweka na wageni. Akianza kukoroma, umejua kabla ya kupoteza banda zima.

Mchakure

Dokta huyo kuku wa majaribio naye ana familia 😂

BibiMifugo_Moro

Anayo. Ila anaokoa kumi na moja. Na mara nyingi hapati kitu, anarudi bandani akiwa tayari amezoeana na wageni wote sita. Faida mbili.

Bint_Wete (Pemba)

Mie kuku wageni wakubwa siingizi kabisa, naona tabu tupu. Nnangoja tetea wangu alalie mayai. Akikaribia kutotoa nnatafuta vifaranga vya siku moja, vile vya chotara, na usiku nnavitia chini yake kimoja kimoja huku nnayatoa mayai. Asubuhi mama kashawakubali, anawalea, anawapigania. Kuku mwengine akiwasogelea vifaranga anafukuzwa na mama, na wao wanakua ndani ya kundi, hawajui ugeni.

Lakini vifaranga viwe vya siku moja hadi tatu. Vikishazidi hapo havimfuati tena, na yeye anavidonoa. Na kama kashatotoa vyake vyeusi, halafu wewe unaleta vya njano baada ya siku kadhaa, anaweza kuvikataa. Usiku uleule wa kutotoa ndio wake.

Jengine, vifaranga vya siku moja vikitoka kwa mtotoshaji anayeaminika huwa vishachanjwa mareksi (maradhi ya kuku yanayopoozesha miguu) palepale. Hiyo chanjo kuku mkubwa humpi ikasaidia.

TeteaMweusi (Mbezi, Dar)

Bint_Wete, njia yako tamu lakini hela nimeshalipa na kuku wana miezi mitatu na nusu. Nitaikumbuka mwakani.

Dokta, asante sana. Mama yangu ana stoo tupu Goba, nitawaweka huko mwezi mzima. Kwa hiyo baada ya karantini, nirudi kwenye swali: usiku au wavu?

FundiWaMabanda

Wavu, kwa banda lako. Nakueleza kwa nini, halafu @Kienyeji254 anipinge.

Njia ya usiku inadai vitu viwili ambavyo huna: kuku waliokomaa sawa, na nafasi. Kuroiler wa miezi mitatu na nusu anaweza kuwa amefikia uzito wa tetea wako, ila bado ni mtoto, hajui kujibu donoo. Tetea wa kienyeji aliyekomaa anampiga akalia. Na ua mdogo maana yake anayefukuzwa anarudi palepale alipopigwa. Kuku anayeshindwa anataka kuondoka tu machoni pa mshindi, vita vinaishia hapo. Asipoweza kuondoka, mshindi anadhani bado wanapigana.

Wavu unatoa nafasi ya kutishana bila kuguswa. Gawa ua kwa waya wa kuku, theluthi moja ya ua iwe ya wageni. Weka chakula pande zote mbili karibu na waya, ili wale wakitazamana. Siku mbili za mwanzo wenyeji watakuwa wanaparamia waya, jogoo atatanda bawa na kucheza. Baadaye watachoka. Ukiona wanachakura pembeni mwa waya hawajaliani, ndipo unafungua, na si kabla, hata kama wiki imeisha.

Na ukifungua usiondoe wavu wote. Wageni wakiwa wadogo, acha tundu ambalo mgeni anapita akikimbizwa na mwenyeji hapiti. Kwako umbo linakaribiana, kwa hiyo badala ya tundu weka vizuizi: tenga lililopinduliwa, ubao ulioegemezwa ukutani, tawi kubwa. Kuku akijificha kichwa nyuma ya ubao anahesabu ameokoka. Vichanja viwe na urefu wa kutosha wote 18 kukaa, karibu sentimita 20 kwa kila mmoja, la sivyo kila magharibi kutakuwa na ugomvi wa kitanda.

Kienyeji254 (Kiambu)

Sikupingi kwa banda dogo. Napinga kusema usiku ni mbaya. Kwangu wana robo ekari na migomba ya kujificha, wageni huwa ni matetea waliokwisha kutaga, na sijapoteza hata mmoja. Muuzaji wako naye hajakosea sana: kuwaachia nje ni sawa kama kuna nje. Kosa ni kuwaachia nje halafu jioni wote kumi na wanane walale kwenye sanduku.

Na usilete mmoja mmoja. Sita ni vizuri, donoo zinagawanyika.

BabuWaNzega

Hapo kijana kasema kweli. Kuku mmoja mgeni ndiye anayeonewa mpaka anakonda. Tena nje ukiwamwagia mtama uliotawanyika sana, kila mtu anashughulika na mguu wake.

TeteaMweusi (Mbezi, Dar)

Nimeelewa. Maswali mawili ya mwisho. Wenyeji wanakula chakula cha watagaji, wageni bado hawajaanza kutaga. Nikiwachanganya nitawalishaje? Na damu ikitoka nifanye nini, maana nimesikia kuku wakiona damu hawaachi.

BibiMifugo_Moro

Chakula cha watagaji kina madini ya chokaa mengi, karibu asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya ganda la yai. Kuku ambaye hajaanza kutaga akilishwa hicho kwa muda mrefu figo zake zinaumia. Kwa hiyo wote wape chakula cha kukuzia, na chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyopondwa weka kwenye chombo cha pembeni. Anayetaga atayafuata mwenyewe. Wageni wakianza kutaga unarudi kwenye chakula cha kawaida. Vyombo viwe vitatu angalau, mbalimbali, na vya maji viwili, kwa sababu mbabe mmoja hawezi kulinda kona zote.

Kuhusu damu: kudonoana na kung'oa unyoya mmoja mmoja ni kawaida, usiingilie kila wakipiga kelele. Ikitoka damu, mtoe aliyeumia haraka, safisha, paka GV (dawa ya maji ya vidonda). Inakausha na rangi yake ya zambarau inaficha wekundu unaowavuta wengine. Asirudi mpaka kidonda kiwe kikavu. Na ukiona ni tetea mmoja tu anayewinda wageni, usimtoe mgeni, mtoe yeye. Mfungie peke yake siku kadhaa. Akirudi anakuta wengine wamejipanga upya, na yeye ndiye mgeni.

Mayai yatapungua kwa wiki moja au mbili. Usikimbilie dawa.

Mchakure

Kwa hiyo yule mweusi ndiye wa kwanza kufungiwa 😂 Na jogoo wangu je?

FundiWaMabanda

@Mchakure jogoo mgeni kwenye banda lenye jogoo anza uzi wako, hilo ni jambo jingine kabisa. Na kama ni Kuchi, wale wa kupigana, usianze uzi, anza kujenga banda la pili.

TeteaMweusi (Mbezi, Dar)

Nimeamua: Goba mwezi mmoja, chanjo kwa wote nikishawapokea, tetea mmoja mzee aende kuwatembelea wiki ya mwisho, halafu wavu. Fundi, waya ninunue wa tundu gani?

FundiWaMabanda

Nusu inchi. Ule wa tundu kubwa ni rahisi kidogo lakini kichwa cha kuku kinapenya, na anayepenyeza kichwa upande wa tetea wako mweusi atakirudisha bila upanga. Mita moja na nusu kwenda juu inatosha kama ua una paa la wavu. Kama uko wazi juu, ongeza, au mwambie Kuroiler asiruke, ingawa kwa uzito ule ni wale wa kienyeji ndio watakaovuka kuwafuata. Chini fukia waya kiasi cha kiganja, wasichakure wakapita.